Kazi ya kuanzia, uzoefu miaka mitatu, mshahara elfu kumi na tano: hii hesabu inatoka wapi?

Chukua tangazo la kawaida tu, lile ambalo kama uko kwa grupu yoyote ya kazi za Kisumu au Kakamega umeliona mara nyingi, leo ni la hadwea, kesho la agroveti, keshokutwa la duka la simu. Anatakikana msaidizi wa ofisi, kazi ya kuanzia. Awe na digrii ya biashara, mwenye CPA (cheti cha uhasibu) atapewa kipaumbele, uzoefu usiopungua miaka mitatu, ajue QuickBooks (programu ya hesabu) na Excel vizuri, aweze kutengeneza posta na kusimamia Facebook na TikTok ya duka, awe na laptopu yake, awe na leseni ya pikipiki, umri usizidi miaka 26. Mshahara 15,000. Wiki mbili zikipita bila kupigiwa simu jua haukufaulu.

Sasa piga hesabu ya umri kwanza. Mtoto akimaliza fomu four na miaka 18, akae nyumbani miezi kadhaa akingojea kuitwa, asome miaka minne chuo kikuu, Maseno au MMUST, hapo katikati kuwe na mgomo ama semista isongezwe, anatoka na 23 au 24. Ongeza miaka mitatu ya uzoefu uko kwa 26, 27. Kwa hivyo huyo mtu anayetafutwa karibu hayuko, na kama yuko basi tayari ako na kazi mahali na hawezi kuiacha aje kulipwa elfu kumi na tano. Wengi wakifika hapa husema waajiri hawajui wanachofanya. Mimi siamini hivyo. Tangazo kama hili linafanya kazi yake vizuri tu, shida ni kwamba kazi yake si ile tunayodhani.

Angalia vile limepangwa. Pale panaposema kazi ya kuanzia ndipo mshahara unapangwa, na pale panaposema miaka mitatu ndipo majukumu yanapangwa. Mwajiri anachukua bei ya mtu mgeni anaibandika kwa kazi ya mtu mzoefu, zote mbili zinakaa kwa karatasi moja na hakuna anayeuliza zilikutanaje. Ukienda intavyu ukauliza mshahara utaambiwa wewe bado mgeni, na ukiuliza nani atakuonyesha kazi utaambiwa tulisema tunataka mtu anayejua tayari. Ukishaona hiyo, mengine yote yanaanza kueleweka.

La kwanza, hiyo si kazi moja. Kuna mhasibu hapo ndani, kuna mtu wa mitandao, na kuna mtu wa deliveri. Nimeona wenye biashara wakijitetea na kusema ukweli nawaelewa kiasi: duka la Kibuye halina uwezo wa kuajiri watu watatu, kodi ya duka inangoja, kuna leseni ya kaunti, na wateja wanachukua mali kwa deni. Sawa. Lakini kama biashara inahitaji watu watatu na ina pesa ya mmoja, basi kitu cha kufanya ni kuchagua ni kazi gani moja inahitajika zaidi, ile ingine itafutiwe kibarua wa siku mbili kwa mwezi. Mhasibu wa kuja kufunga vitabu mwisho wa mwezi anapatikana, posta ya TikTok inaweza kutengenezwa na kijana kwa malipo ya kila posta. Kumpa mtu mmoja yote matatu ni kumpangia kushindwa, halafu baada ya miezi minne anafutwa kwa kusemwa ni mzembe, na tangazo linarudi kwa grupu vile vile lilivyokuwa.

La pili ni idadi ya watu, na hapa ndipo penye uzito. Ripoti ya uchumi ya serikali ya 2025 ilisema mwaka wa 2024 Kenya ilipata nafasi mpya za kazi 782,300 nje ya kilimo kidogo cha nyumbani. Inasikika nyingi. Lakini 703,700 kati ya hizo zilikuwa jua kali, yaani kibanda, boda, mitumba, fundi. Zile za pesilipu hazikufika hata elfu themanini, nchi nzima, na kumbuka mtihani wa KCSE wa mwaka huo huo watu wapatao 246,000 walipata C+ na kwenda juu, hao tu wa kwenda yunivasiti bila kuhesabu wa diploma na wale wa miaka ya nyuma ambao bado wako nje wakitafuta. Kwa hivyo mwajiri akiweka tangazo rahisi, lenye linasema njoo kama unajua kusoma na kuandika na uko tayari kufunzwa, simu yake itajaa mpaka izime. Miaka mitatu, digrii, CPA, hizo nyingi ni chekecheke za kupunguza rundo, hazitoki kwa kazi yenyewe. Mtu wa ofisi ambaye hana muda wa kusoma CV mia tatu anaandika masharti magumu ili zibaki thelathini.

Ubaya wa hiyo njia ni watu inaowaacha nje. Yule dada makini aliyemaliza chuo cha Sigalagala juzi, anayefuata maagizo na hana makosa, anasoma miaka mitatu anaamini kabisa kwamba ni lazima, haombi. Mwenye maneno mengi anaandika miaka mitatu ambayo hakufanya, anaitwa. Mwajiri anaishia kuchuja waaminifu.

Huku kwetu magharibi kumeongezeka kitu kingine. Kisumu, Siaya, Homa Bay, Kakamega, kwa miaka mingi kazi nyingi za vijana waliosoma zilitoka kwa miradi ya afya, hasa ya ukimwi, iliyokuwa ikilipwa na Marekani. Januari 2025 ile pesa ya USAID iliposimamishwa, watu walipewa barua za kukaa nyumbani na wengi hawakuitwa tena. Hao ni maafisa wa data, wa vipimo, washauri, madereva, wahasibu wa miradi, watu wa miaka mitano sita ya kazi ya kweli. Wana watoto shuleni na mikopo ya Sacco. Wakaanza kuomba zile zile kazi za elfu ishirini zilizokuwa za mtu anayetoka campo. Mwajiri akiona CV kama hizo zikija zenyewe anasema kumbe mzoefu wa bei hiyo anapatikana, na tangazo linalofuata masharti yanapanda na mshahara unabaki pale pale. Sijui kama wenyewe wanafikiria hivyo kwa kupanga, lakini matokeo ni hayo.

La tatu ni mafunzo, na hapa wengi hawaangalii kabisa. Kiwanda kikubwa kina mahali pa kuanzia mtu: anaingia hajui, anawekwa chini ya fundi, anapanda polepole. Magharibi tulikuwa na vya aina hiyo. KICOMI ya Kisumu, ya nguo, ilikufa, Panpaper ya Webuye, ya karatasi, ikafungwa 2009, Mumias Sugar ikawekwa 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni. Ndio, vingine vimefufuliwa kiasi, lakini ule ukubwa haukurudi, na kilichobaki kama mwajiri mkuu ni biashara za watu watano, kumi, ambazo zinaona kumfunza mtu ni hasara kwa sababu akishajua atahamia Nairobi. Hapo gharama ya kufunza ikahamishwa kwa kijana na wazazi wake. Ndo maana unaombwa uje unajua tayari, na uje na laptopu.

Serikali iko na njia mbili za kusaidia hapo, zote zimepita mbali na duka dogo. Kila mwajiri anafaa kulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, na akipeleka watu wake kwa kozi iliyokubaliwa anaweza kurudishiwa gharama. Wangapi unawajua hapa mjini wamewahi kuomba kurudishiwa? Ya pili ni punguzo la kodi kwa kampuni inayochukua watu waliohitimu na kuwafunza kazini miezi sita hadi kumi na mbili, inaruhusiwa kutoa kiasi cha ziada, sawa na nusu ya mishahara yao, kwa hesabu ya kodi. Nzuri sana, lakini sharti ni wawe angalau kumi. Niambie ni hadwea gani ya Kondele itachukua watu kumi wa kufunza. Hii sheria ikishushwa hadi mtu mmoja au wawili ingesaidia zaidi kuliko semina zote za vijana.

Kuna pia matangazo ambayo hayana kazi ndani yake. Mengine mtu ameshachaguliwa, binamu ya mtu, na tangazo limewekwa ili faili ionekane imefuata utaratibu, na masharti yameandikwa yakiangalia CV ya huyo huyo. Mengine ni ya mauzo ya komisheni yaliyoitwa jina la ofisi, unafika unapewa tageti ya akaunti za kufungua na hakuna mshahara mpaka uifikishe. Na ukiombwa pesa ya fomu, ya vipimo, ya yunifomu kabla ya barua ya kazi, hapo funga simu.

Sasa turudi kwa hiyo 15,000, kwa sababu huwa inaongelewa kama jambo la huruma, kumbe ni jambo la sheria. Agizo la serikali la mishahara ya chini ambalo lilianza kutumika Novemba 2024, baada ya rais kutangaza nyongeza ya asilimia 6 sikukuu ya wafanyakazi mwaka huo, linasema kibarua wa kawaida ndani ya jiji kama Kisumu hafai kupata chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kundi hilo ni mfagiaji, mtu wa bustani, mesenja, yaya, soja wa mchana. Hakuna cheti kinachotajwa. Juu ya hiyo kama mwajiri hakupi nyumba anakuongezea asilimia 15 ya nyumba, kama 2,417, jumla inafika 18,530. Hiyo ni sakafu. Yule msaidizi wa ofisi wa digrii na CPA na pikipiki anaahidiwa pesa ambayo ni chini ya sakafu ya mfagiaji kwa zaidi ya elfu tatu na nusu.

Na agizo halina safu moja. Lina ngazi, kuna mpishi, kuna dereva, kuna karani, kila mmoja na yake, na keshia ndani ya jiji ako zaidi ya elfu thelathini. Soma tena. Keshia. Wale wadada wanaosimama kwa tili kutoka asubuhi hadi usiku wakilipwa elfu kumi na mbili, kumi na nne, na tili ikikosa mia tano wanakatwa wao. Sheria ya Ajira ya 2007 inakubali keshia akatwe pesa iliyopotea kama ni uzembe wake au udanganyifu na kama mkataba wake unasema wazi kwamba anashika pesa, lakini hata hivyo makato yote kwa jumla hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara. Mtu akibeba hatari ya pesa ya tajiri halafu analipwa chini ya mtu wa kufagia, hiyo haiwezi kuitwa kazi ya kuanzia. (Nje ya majiji viwango vinashuka, kwa hivyo wa Bondo au Mumias aangalie safu ya kwao, na mashamba yana agizo lao tofauti.)

Tufuate 15,000 mpaka mfukoni. Kodi ya mapato haiguswi hapo kwa sababu inaanza juu ya 24,000. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6, hiyo 900. SHA, bima ya afya, asilimia 2.75, hiyo 412.50. Ada ya nyumba asilimia 1.5, hiyo 225. Inabaki 13,462.50. Tuseme umepata chumba Nyalenda kwa elfu nne, nauli kwenda na kurudi mia moja kwa siku, siku 26, hiyo ni 2,600. Umebaki na kama 6,860 ya chakula, stima, maji, bando za hiyo TikTok ya duka, na viatu. Kama ulisoma na mkopo wa serikali wa HELB, mwaka mmoja baada ya kumaliza unatakiwa uanze kulipa, na faini ya kutolipa ni 5,000 kwa mwezi.

Haiwezekani, na bado watu wanaifanya. Wanaifanyaje? Mama anatuma unga na maharagwe na matatu ya kutoka Vihiga, shangazi anamkubalia alale kwake Mamboleo bila kodi, kaka aliye Nairobi anatuma elfu moja kila katikati ya mwezi. Yaani familia inamlipia mwajiri sehemu ya mshahara. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo anaendelea kulipa hata baada ya mtoto kupata kazi. Na ndo maana yule ambaye familia yake haina cha kutuma hawezi hata kuichukua hiyo kazi, na akikosa hiyo hapati uzoefu, na akikosa uzoefu haitwi kwa ingine. Hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu nafasi inaenda kwa mwenye shangazi mjini, na uwezo wa mtu haukuulizwa.

Masaa nayo. Agizo hilo la mishahara linahesabu wiki ya kawaida kuwa masaa 52. Duka linafungua saa moja asubuhi linafunga saa moja jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, ukitoa lisaa la kula kila siku umebaki na 66. Kumi na nne hapo ni ovataimu na inafaa kulipwa mara moja na nusu. Gawanya 15,000 kwa hayo masaa ya mwezi mzima utapata kama shilingi 52 kwa saa.

Serikali yenyewe haijaonyesha mfano mzuri. Mwaka 2023 walimu wa sekondari ya chini walichukuliwa kama intani kwa 20,000, watu wenye digrii na namba ya TSC, tume ya walimu, wakifundisha masomo yote bila tofauti na aliyeajiriwa, mpaka mahakama ya ajira ikasema Aprili 2024 kwamba hilo lilikuwa kinyume cha katiba. Mwaka huo wa 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya mambo makubwa ilikuwa serikali kutaka kuwalipa intani 70,000 badala ya 206,400 zilizokubaliwa kwa mkataba wa 2017. Mwenye duka akiona hivyo atajiuliza kwa nini yeye peke yake afuate sheria. Simtetei, ila naona anakotoa ujasiri.

Kuna mambo mengine kwa matangazo ambayo yanaweza kupingwa wazi. Kuitisha cheti cha tabia njema cha polisi, cha HELB, cha KRA (cha kodi), cha CRB (cha rekodi ya mikopo) kwa kila mtu anayeomba: marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yanasema mwajiri asiviitishe vyeti hivyo ila kama anakusudia kukupa mkataba wa maandishi. Cha polisi peke yake ni 1,050, na watu wamekuwa wakivitafuta vyote kwa kazi ambayo hawakuitwa hata intavyu. Kusema wasichana tu, au wa kabila fulani, kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinakataa. Umri haumo kwa orodha ya kifungu hicho lakini uko kwa kifungu cha 27 cha Katiba.

Kwa anayetafuta, ushauri wangu ni kusoma tangazo ukianza na kazi zenyewe na kuacha masharti hadi mwisho. Andika kando: asubuhi nitafanya nini, nani atakuwa mkubwa wangu, nitashika pesa au la. Ukiweza nyingi ya hizo, omba, hata kama miaka mitatu hauna, na usiidanganye. Andika ulichofanya kweli: atachimenti, hesabu za chama cha mama yako, duka la mjomba ulilosimamia likizo, kurasa za kanisa unazoendesha. Hizo ni kazi. Intavyu ikifika kwa mshahara usiulize tu ni ngapi, uliza kama nyumba imo ndani, masaa ni mangapi, na muda wa majaribio ni miezi mingapi, kwa sababu sheria inaweka sita, na kuongeza sita nyingine lazima ukubali.

Ukichukua kazi ya pesa kidogo kwa sababu hauna lingine, na wengi wetu tumechukua, hakuna aibu hapo, lakini weka rekodi tangu siku ya kwanza. Tangazo lipige skrinishoti. Masaa yaandike kwa daftari. Pesa iingie M-Pesa au benki, ujumbe usifute. Kazi ya miezi mitatu na zaidi inafaa kuwa na mkataba wa maandishi, na usipopewa kosa ni la mwajiri, haki yako haipotei. Ukiitwa kibarua wa siku lakini umefanya mfululizo mwezi mzima, sheria inakuangalia kama mfanyakazi wa mwezi. Ofisi ya leba inapokea malalamiko bila malipo, maafisa ni wachache na utarudi mara kadhaa, lakini barua yao pekee imefanya waajiri wengi kulipa. Isipofaulu, madai ya mtu anayepata hadi 80,000 kwa mwezi yanaweza kusikizwa na hakimu, si lazima upande hadi jaji, na una miaka mitatu tangu kosa litokee. Tofauti ya kati ya 15,000 na 18,530 ukiihesabu kwa mwaka mmoja ni zaidi ya elfu arobaini na mbili, na hiyo ni kabla ya ovataimu.